Ng'ombe wa maskini akizaa huzaa dume: nani Mombasa hii anakula nyama ya ndama?

Mpishi_Mkomani (Jumamosi, saa 4 usiku)

Assalaam alaikum wanabaraza, na kila mwenye salamu yake, hamjambo.

Jambo hili nimekaa nalo wiki nzima, sasa nalitoa. Mimi ni mpishi, miaka zaidi ya ishirini sasa katika mahoteli, kuanzia Nyali hadi Malindi. Malindi ndiko nilikoijua nyama ya ndama, kwa ajili ya Wataliano. Mtaliano umpe paja la ng'ombe mzima umwambie ni ndama, sahani inarudi jikoni hata hajauliza jina lako. Mkuu wangu wa kwanza alinifunza hivi: nyama ya ndama iliyo bora ni nyeupe, karibu na kuku. Ikionyesha wekundu, rudisha. Ilikuwa ikija kwenye katoni imeganda barafu, kutoka Ulaya, nami naipima kwa jicho na kujiona fundi kweli.

Weupe ule ulikuwa ugonjwa. Nililijua hilo nimeshakula mishahara mingi. Ndama alifungwa peke yake kwenye kizimba cha mbao, chembamba hata kugeuka hawezi, akanyweshwa maziwa ya unga tu. Hapewi jani, hapewi majani makavu. Madini ya chuma anapunguziwa makusudi ili damu imwishe na nyama isipate rangi. Ina maana nilikuwa narudisha nyama ya mnyama mwenye afya na kupokea ya mgonjwa, na kwa kazi hiyo nikasifiwa.

Haya. Jumapili iliyopita nilikwenda Kaloleni kutafuta nazi. Pale kuna mama ana ng'ombe wawili wa maziwa, wa kulishwa zizini. Mmoja kazaa, siku ya nne hiyo, dume. Nikiwa bado nahesabu nazi zangu akaja kijana na pikipiki na gunia. Shilingi 1,500 mkononi, ndama akafungwa miguu, akatiwa guniani kichwa nje, wakaondoka. Nikamuuliza mama mbona bei ile, akanambia, "Mpishi, ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume." Kisha akaenda kumbembeleza yule ng'ombe, maana alikuwa akilia.

Swali langu. Ndama yule angeachwa anyonye miezi mitano sita, akala majani ya nepia, akaota jua, nyama yake ingekuwa ya rangi ya waridi. Je, mngeinunua? Hotelini nitaiuza, hilo silihofii. Lakini hoteli moja haimalizi ndama wa Pwani nzima. Nataka kujua majumbani kwenu mwasemaje.

---

Bucha_Majengo (saa 4 na robo)

Ami, mimi nauza nyama tangu duka la babangu, nikujibu bila kuremba. Nyama ya ndama Mombasa haina mwenyewe. Mama akija dukani ataka nyama ya mfupa ya mchuzi, ataka kidari, ataka kima, siku ya harusi ataka nundu. Nikimpa nyama laini yenye maji maji atanambia Bucha, hii umeitoa wapi, mchuzi wangu haukushika.

Na la pili. Hao wa siku nne wanaobebwa guniani sijui waenda wapi, lakini machinjioni hawapiti. Mkaguzi akikuta nyama inayotepeta, figo bado nyeusi nyeusi, mafuta kama uji, hapigi muhuri. Kwa hiyo ukiuziwa "steki laini" bei ya kutupa, bila muhuri, kwenye kichochoro, ujue mwenyewe.

---

Toto_la_Likoni (saa 4 na nusu)

Mimi siwezi. Kumtenga mtoto na mamake halafu umle? Dhambi hiyo. Nyanyangu alikuwa akisema kula ndama ni kula mbegu.

---

Mwana_Kibokoni (saa 4 na nusu)

@Toto_la_Likoni dhambi tuwaachie wenye elimu, dadangu. Mgeni wa Nabii Ibrahim alikirimiwa nini? Ndama. Sura Hud yasema ndama wa kuchoma, Sura Adh-Dhariyat yasema ndama aliyenona. Aliyenona, si aliyekaushwa damu kizimbani. (Wageni wenyewe hawakula, walikuwa malaika, lakini hilo ni jengine.)

Watu huchanganya na udhiya. Kwa sisi wa madhehebu ya Shafi, ng'ombe wa kuchinja Idd ya kuchinja sharti awe ametimiza miaka 2. Ndama hafai kwa ibada ile. Kula siku ya kawaida ni halali madamu kachinjwa inavyopasa. Na inavyopasa ni pamoja na kunoa kisu na kumpumzisha mnyama. Mtume (SAW) kalisema wazi. Yule wa guniani kapumzishwa wapi?

---

Toto_la_Likoni (saa 4 na dakika 40)

Sawa maalim, nimesikia. Halali si lazima niipende lakini.

---

Bucha_Majengo (saa 4 na dakika 45)

@Toto_la_Likoni na chai ya maziwa wapenda?

---

Toto_la_Likoni (saa 4 na dakika 46)

Sana tu, kwani?

---

Bucha_Majengo (saa 4 na dakika 50)

Ng'ombe hatoi maziwa mpaka azae. Nusu ya wanaozaliwa ni madume. Dume wa ng'ombe wa maziwa hakamuliwi, na hajazi nyama kama Boran, wale ng'ombe wa nyama. Haya, kila kikombe chako kina ndama wake mahali. Nakutania, lakini ndivyo.

---

Ngamia_Express (saa 5 usiku)

Nyinyi mwahangaika na ndama na nyama ya ngamia ipo. Haina mafuta mengi, na maziwa yake juu.

Msimamizi (saa 5 na dakika 5)

Mada ya ngamia ifunguliwe uzi wake. Mara ya tatu hii, bwana.

---

Mswahili_Midlands (Jumapili, saa 1 asubuhi)

Nawasoma kutoka Uingereza, karibu na Coventry. Mimi mtoto wa Tudor ya Mombasa, huku nafanya kazi kwenye bucha la halali. Mpishi kagusa kidonda cha hawa watu, wacha niwape hadithi kidogo.

Nilipofika huku mwaka 2003, jirani yangu, mama wa Kiingereza mpole kabisa, aliitaja nyama ya ndama kama unavyoweza kutaja nyama ya paka. Sikuelewa, mtu anayekula mwanakondoo kila Jumapili! Nikaja kusimuliwa. Vizimba vile alivyovitaja Mpishi vilipigwa marufuku hapa mwaka 1990. Lakini ndama waliendelea kupakiwa kwenye malori na meli wakapelekwa nchi za Ulaya ambako vizimba vilikuwa bado halali. Watu wakachemka. Mwaka 1995 walikuwa wakilala barabarani, kwenye bandari za Brightlingsea na Shoreham, na hapahapa Coventry kwenye uwanja wa ndege. Mama mmoja kijana, Jill Phipps, wa miaka 31, alikanyagwa na lori la ndama tarehe 1 Februari mwaka huo akafa. Huku jina lake bado linajulikana.

Umoja wa Ulaya nao ukavifuta vizimba, mwisho wake kuanzia mwaka 2007. Sheria yao ya sasa ndama akifika wiki 8 haruhusiwi kufungiwa peke yake, na lazima apewe chakula chenye nyuzi na chuma cha kutosha. Wa kilimo hai, kile kisichotumia kemikali za viwandani, mambo ni zaidi: maziwa asilia kwa siku 90 kwa uchache, na baada ya wiki moja tu hawekwi tena chumba cha peke yake. Jina lenyewe limewekewa mpaka, aliyevuka miezi 8 huwekwa kundi jengine, na jina la nyama yake hubadilika.

Sasa sikilizeni kilichonishangaza. Kwa kuwa watu walisusa nyama ya ndama, wakulima wa maziwa hawakuwa na pa kumpeleka dume. Wengi wakawa wanawapiga risasi siku ileile ya kuzaliwa. Ndipo baadhi ya watetezi wa wanyama, walewale waliokuwa wakisema usile, wakaanza kusema kula, lakini kula ya waridi, ya ndama aliyelelewa kwenye majani makavu pamoja na wenzake. Ukinywa maziwa ukakataa nyama, humwokoi, wamuua mapema tu. Binti wa yule jirani hununua ya waridi kwa mkulima. Mamake bado hataki hata kuiona.

Na mwaka 2024 hapa wamepitisha sheria ya kuzuia kabisa kusafirisha mifugo hai kwenda nje kuchinjwa au kunoneshwa. Marekani wao wameacha kula taratibu: zamani za vita vya pili mtu mmoja alikula zaidi ya kilo 3 kwa mwaka, siku hizi haifiki hata robo kilo.

---

Mpishi_Mkomani (saa 3 asubuhi)

@Mswahili_Midlands ahsante sana ami. Hapo kwa "wamuua mapema tu" nimesimama.

@Bucha_Majengo kuhusu mchuzi kutoshika, hapo nakupinga kidogo. Nyama ya ndama ndiyo haina mafuta, kweli. Lakini mifupa yake ina gundi kuliko ya ng'ombe mzima. Muundi wa ndama uuache kwenye moto mdogo saa mbili, mchuzi unashika mpaka midomo inagandana. Jikoni Ulaya supu nyingi za maana zinaanzia hapo. Tatizo kina mama wanaipika kama nyama ya ng'ombe, wanaitupia moto mkali, inatoa maji.

---

Maziwa_Nakuru (saa 4 asubuhi)

Habari za Pwani. Huku kwetu tunatumia mbegu za kuchagua jinsia. Ukipandisha, karibu 9 kati ya 10 wanatoka mitamba. Bei yake ni mara kadhaa ya mbegu ya kawaida, na ng'ombe mnyonge asiposhika mimba pesa imeenda. Lakini inapunguza hiyo shida ya madume. Huko kwenu joto na kupe sijui.

Pia huyo wa gunia: Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, kumbeba mnyama namna ya kumtesa ni kosa. Iko tangu miaka ya sitini. Ni vile hakuna anayeshika.

---

Mama_Maziwa (saa 8 mchana)

Mimi ndiye mama wa Kaloleni. Mtoto wangu kanionyesha, "Mama, umeandikwa." Mpishi, ungeniuliza kwanza lakini si neno, hukunitukana.

Sasa mnaongea vizuri nyote, hesabu nifanye mimi. Ndama akinywa lita 4 kwa siku, siku 90 ni lita 360. Hapa nauza lita shilingi 70. Hiyo ni 25,200. Hajala nepia bado, na nepia ya hapa wakati wa kiangazi naenda kuikata mbali na kulipia mkokoteni. Hajachomwa sindano. Hajapakwa dawa ya kupe, na kupe wa huku wakimletea ndigana ndama hamalizi wiki. Huyo kijana wa gunia ananipa 1,500 leo. Nani hapa kati yenu angekataa?

Msidhani sioni. Ng'ombe wangu alilia siku tatu. Dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, nilimpa ndama yote, sikuuza wala sikuimwaga, kwa hilo nafsi yangu imetulia.

Ila niwaambie kitu. Babangu alikuwa na ng'ombe wa kienyeji, wenye nundu. Wale huwezi kuwakamua ndama asipokuwepo, maziwa hayashuki. Unamleta ndama, ananyonya kidogo, unamfunga pembeni mamake anamlamba, unakamua, kisha unamwachia. Chuchu mbili zako, mbili zake. Hakukuwa na ndama wa siku nne kuuzwa, maana ungeuza na maziwa. Haya mambo ya kumtoa mapema tumeyaanza na hawa wa kizungu, wanaomwagia ndooni hata ukikamua umewapa mgongo.

---

Mwana_Kibokoni (saa 8 na nusu)

Mama, shikamoo. Umetuzima wote.

---

Mpishi_Mkomani (saa 9 alasiri)

Shikamoo mama. Unisamehe kwa kukuandika bila ruhusa.

Nimepiga hesabu yako upande wa pili. Ndama wa chotara akifika miezi mitano na nusu, akichinjwa na kuning'inizwa, tuseme kilo 70. Nikikulipa 600 kwa kilo ni 42,000. Toa maziwa yako 25,200, toa nepia, toa daktari wa mifugo. Kinachobaki kiko, lakini chembamba, na kinakuja baada ya nusu mwaka huku 1,500 iko leo. Naona ulipo ugumu.

Lakini ukimlea kama babako? Asubuhi ukamue umwachie mabaki, jioni ndama anyonye yeye? Hapo hukosi maziwa yote.

---

Mama_Maziwa (saa 10 jioni)

Nusu ya jioni nakosa. Lakini kweli si zote. Ng'ombe wangu wa pili anazaa mwezi ujao. Akizaa dume tutaongea. Utatanguliza pesa au maneno?

---

Mpishi_Mkomani (saa 10 na dakika 2)

Pesa.

---

Kilimo_Mtwapa (saa 2 usiku)

Msije mkaiandika nyama hiyo kilimo hai kabla ya wakati. Kuna alama ya Kilimohai, inatokana na viwango vya Afrika Mashariki vya 2007, na ina ukaguzi wake. Mimi nimepitia upande wa mboga, makaratasi si mchezo. Kwa mifugo ya Pwani kazi ni zaidi kwa ajili ya kupe na mbung'o, hasa upande wa Kwale karibu na Shimba Hills. Dawa haikatazwi mnyama akiugua, lakini Ulaya kwa mfano ukimtibu wa kilimo hai unasubiri muda maradufu kabla hujamchinja. Mkulima wa ng'ombe wawili gharama ya cheti peke yake itakula faida. Iiteni jina jengine.

---

Bucha_Majengo (saa 2 na dakika 10)

Iiteni "ndama wa ziwa la mama." Bure hiyo, silipishi.

---

Toto_la_Likoni (saa 2 na dakika 20)

Jina hilo ndilo litanifanya nisiile kabisa 😭

---

*(Uzi umefufuliwa baada ya miezi saba)*

Mpishi_Mkomani (Ijumaa, saa 3 usiku)

Wangapi bado mpo?

Ng'ombe wa pili wa mama alizaa dume. Methali ile haina huruma. Nilitanguliza 10,000 na mama akamlea kwa mtindo wa babake: asubuhi mabaki, jioni ananyonya. Nilikwenda mara nne kumwona. Si wa kuchezewa yule, alinipiga kichwa gotini nikachechemea Ijumaa nzima. Mwezi wa tatu alishikwa na kuhara, daktari akaja mara mbili, na gharama hiyo tuligawana, haikuwa kwenye hesabu yetu. Mama anasema kiwele cha ng'ombe hakikuvimba hata mara moja mwaka huu, na yeye kila uzao ilikuwa lazima.

Alichinjwa wiki iliyopita machinjioni, kwa muhuri. Alikwenda na gari, amesimama, na majani chini. Kilo 68. Nilimlipa mama 650 kwa kilo, yaani 44,200, nikatoa zile nilizotanguliza.

Rangi: waridi, kama ndani ya pera lililoiva. Mkuu wangu wa zamani angeirudisha. Sarara na paja nimeuza hotelini, Wataliano wawili walirudi siku ya pili kuuliza kama ipo tena, na Mjerumani mmoja mwanamke alitaka kujua ndama aliishi wapi kabla hajagusa uma. Nikamwonyesha picha yake kwenye simu, yuko chini ya mnazi. Akatafuna akinyamaza, akamaliza. Mwengine kuona picha tu akaagiza samaki. Sijui tena kama picha nionyeshe au nisionyeshe.

Nyumbani ndiko kulikokuwa na kesi. Mamangu, miaka 74, mzaliwa wa Kuze, nilimpikia muundi kwa tui la nazi, ndimu na pilipili mbuzi, moto mdogo saa mbili na nusu. Akaonja. Akasema, "Nzuri. Lakini hii ni nyama ya mtu aliyetoka hospitali." Kisha akaongeza sahani ya pili, nadhani ili athibitishe. Pilau haikufaa, nakiri. Nyama inapotea kwenye mchele, pilau yataka nyama yenye umri. Bucha ulikuwa na haki nusu.

---

Toto_la_Likoni (saa 3 na nusu)

Chini ya mnazi?? Alikuwa na jina?

---

Mama_Maziwa (saa 3 na dakika 40)

Hatukumpa jina. Watoto walitaka, nikawakataza. Wao wakamwita kwa siri, nimejua juzi.

Mpishi, pesa imeingia, ahsante. Nimelipia karo ya muhula. Jirani wangu ana dume wa wiki mbili na kijana wa gunia kapita jana, nikamwambia subiri, nikamuulize mtu kwanza. Anasubiri jibu.

---

Mpishi_Mkomani (saa 3 na dakika 50)

Mmoja kwa mwezi naweza, mama. Wawili bado, hoteli haimalizi mbavu na kidari. Vyanielemea kwenye friji.

---

Bucha_Majengo (saa 4 usiku)

Kidari na mbavu niletee nijaribu Jumamosi, kilo kumi tu, nitaziandikia bango. Nikikwama nakurudishia.

Na paya zake, yaani miguu, ulimuuzia nani?

---

Mpishi_Mkomani (saa 4 na dakika 1)

Paya nilikula mwenyewe.

---

Bucha_Majengo (saa 4 na dakika 2)

Nilijua tu.